Kumbukumbu ya mradi wangu: kinga ya ncha ya kanula inayojifunga yenyewe

Katika awamu hii nimeachana na miundo miwili niliyokuwa nikiishughulikia na kubaki na mmoja tu: kibanio kidogo cha chuma kinachokaa ndani ya kitako cha kanula (mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kwenye mshipa kwa kutumia sindano iliyo ndani yake, na kubaki humo sindano ikitolewa) na kuikamata ncha ya sindano mara inapochomolewa. Kazi yangu ya mchana ni kukarabati vifaa tiba. Mradi huu ni wa jioni, na majaribio yote nayafanya kwa kanula mpya zilizopitwa na muda, ambazo hazijawahi kugusa damu. Nimechagua ukubwa wa geji 20, ile ya pinki, ambayo mrija wake wa plastiki una kipenyo cha nje cha takriban milimita 1.1.

Hatari ninayoishughulikia hudumu kwa sekunde chache. Sindano ikishatoka, muuguzi hubana mshipa kwa mkono mmoja ili damu isimwagike, mkono wa pili bado umeshika sindano, na wakati huo huo mpira wa dripu unasubiri kuunganishwa, huku kisanduku cha kutupia sindano pengine kikiwa upande wa pili wa wodi. Kwa kuwa sindano ya kanula ina uwazi ndani, hubaki na damu hata baada ya kuchomolewa. Mhudumu ambaye hajachanjwa, akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye homa ya ini ya aina ya B, uwezekano wake wa kuambukizwa unaweza kufikia asilimia 30. Kwa VVU ni takriban asilimia 0.3.

Muundo wa kwanza niliouacha ulikuwa kifuniko chenye bawaba kinachosukumwa kwa kidole gumba, na wa pili ulikuwa springi inayoirudisha sindano ndani ya mpini baada ya kubonyeza kitufe. Springi ilifanya kazi vizuri, ila ilirudi kwa kasi kiasi kwamba maji yenye rangi niliyoyaweka ndani ya sindano yalirusha matone kwenye karatasi nyeupe niliyoitandika chini. Hata hivyo, sababu kubwa ya kuiacha ni kwamba miundo yote miwili humtaka muuguzi akumbuke kufanya jambo la ziada, tena katika dakika ambayo mikono yake haina nafasi. Kwangu mimi, kinga ya namna hiyo ni nusu ya kinga.

Wazo la kuiachia sindano yenyewe itambue wakati wake si geni. Katika miaka ya 1930, János Veress, daktari wa Hungaria aliyetibu wagonjwa wa kifua kikuu, alibuni sindano yenye kijiti butu ndani kinachosukumwa na springi: ncha kali ikishapenya ukuta wa kifua na ukinzani kuisha, kijiti huchomoza mbele na kuzuia ncha isilijeruhi pafu. Baadaye madaktari wa upasuaji waliichukua kwa ajili ya kuingiza gesi tumboni.

Kibanio changu hutumia mwendo uleule wa kuchomoa. Mfano wa kwanza niliuchapisha kwa plastiki ukiwa mara kumi ya ukubwa halisi, kisha nikakata wa chuma kutoka kwenye filagaji, vile vibati vyembamba ambavyo mafundi magari hupimia uwazi wa vavu. Mikono yake miwili huegemea ubavu wa sindano. Ncha ikishapita, hujikunja mbele yake na kuiziba. Ugumu ni kukizuia kibanio kisiteleze na kutoka kabisa. Njia moja ni kuiminya sindano kidogo karibu na ncha ili itokeze uvimbe, lakini kuminya hupunguza uwazi wa ndani, na damu inayomthibitishia muuguzi kwamba ameupata mshipa huchelewa kuonekana. Kuchelewa huko kungemfanya achome tena, na sioni faida ya kumlinda muuguzi kwa kumwongezea mgonjwa maumivu. Kwa hiyo nimehamia kwenye kibati chenye tundu linaloizidi sindano kwa kiasi kidogo sana: kikisimama wima sindano hupita, kikiinama huing'ang'ania, kama klempu ya seremala.

Kibati hicho hushika vizuri sindano kavu. Ikilowa, huteleza pale ninapoivuta kwa nguvu, na bado sijaridhika na kingo za tundu lake. Kiwango cha ISO 23908, kinachohusu kinga za aina hii, hudai zipimwe jinsi zinavyojifunga na pia jinsi zinavyohimili nguvu baada ya kujifunga, nami nataka matokeo ya mezani yawe imara kabla ya kufikiria maabara, achilia mbali maombi kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Kazi inayofuata ni kutoboa matundu ya vipenyo tofauti, kuyajaribu nikiwa na glavu zilizolowa, na kupima kwa mizani ya ndoana nguvu inayohitajika kuchomoa, kwa sababu kibanio kinachokwaruza sana kinaweza kuivuta kanula nzima nje ya mshipa.