Siku moja maishani mwangu: kiti kwanza, usukani baadaye

Nafungua banda langu la Tudor saa moja asubuhi, kabla jua la kaskazi halijapanda, kwa sababu kazi ya kumpima mtu juu ya baiskeli yake haipendi jasho wala haraka. Mimi ni fundi wa baiskeli za barabarani, zile nyepesi zenye usukani uliojipinda kama pembe za kondoo. Nyingi ninazozipokea zimekwisha kutumika Ulaya kabla ya kufika Mombasa, nazo huja na vipimo vya mwili wa mwenyewe wa kwanza. Anayeinunua hupanda kama alivyoikuta, kisha maumivu yakimwanza hudhani kwamba baiskeli za aina hii ndivyo zilivyo.

Kazi ya kwanza leo ni ya mzee mmoja wa Mji wa Kale, ambaye nguzo ya kiti chake imegandia ndani ya fremu. Fremu ni ya chuma na nguzo ni ya alumini. Metali hizo mbili zikikaa pamoja katika hewa yetu yenye chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe unaovimba hadi nguzo ikakabwa. Nilikuwa nimeimwagia mafuta ya kupenyeza tangu jana jioni. Leo nimefunga kiti imara nikakitumia kama mpini, nikizungusha kidogo kulia na kidogo kushoto kwa karibu nusu saa, mpaka nikasikia ule mlio mkavu unaoniambia kuwa imekubali. Nimesafisha bomba, nikapaka grisi, na nikamwonyesha mzee alama iliyochorwa kwenye nguzo, ambayo lazima ifichike ndani ya fremu ili nguzo isivunjike. "Mzee wangu," nikamwambia, "kila baada ya miezi mitatu tuitoe tuipake grisi upya." Nguzo isiyosogea haina kimo cha kurekebishwa, hata mpandaji awe anaumwa vipi.

Saa tatu anaingia mwalimu anayetoka Bamburi kila siku na kuvuka Daraja la Nyali kuja kazini mjini. Ana malalamiko mawili: magoti yanamuuma kwa mbele, na vidole viwili vya mwisho vya kila mkono hufa ganzi kabla hajafika darajani. Ananiomba niunyanyue usukani.

"Mwalimu, usukani tutaufikia," nikamjibu. "Tuanze na kiti."

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wenzangu wengi, nami sioni haya kusema kwamba wanakosea. Usukani hupimwa kutoka mahali mtu alipokalia. Ukiurekebisha kabla ya kiti, kila utakapokisogeza kiti utakuwa umeiharibu kazi yako mwenyewe. Kwa hiyo kwanza nimezungusha utepe kwenye nguzo pale ilipokuwa, ili tuweze kurudi tukikosea, na nimeandika vipimo vyote vya zamani daftarini. Kisha mwalimu amesimama ukutani bila viatu, akabana kitabu kigumu hadi msambani, nami nikapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu: sentimita 84. Nikizidisha kwa 0.883, hesabu ambayo Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, aliifanya ijulikane sana, ninapata sentimita 74 na ushei kutoka kitovu cha mikono ya pedeli, yaani pale vyuma vinavyobeba pedeli vinapozungukia, hadi juu ya kiti. Kiti chake kilikuwa kwenye 71.

Hiyo ndiyo sababu ya magoti. Kiti kikiwa chini mno, goti hubaki limekunjika wakati wote linaposukuma, na mzigo huangukia nyuma ya pia ya goti. Kikiwa juu mno, maumivu huhamia nyuma ya goti na nyonga huanza kuyumba kulia na kushoto zikiitafuta pedeli. Hata hivyo sikukipandisha sentimita zote tatu. Misuli iliyozoea kimo fulani kwa miezi hukasirika ikishtuliwa, na ile hesabu yenyewe haijui unene wa soli wala urefu wa nyayo za mtu. Nimepandisha 2, nikamweka juu ya kishikizo kinachoisimamisha baiskeli mahali pamoja, nikapima mkunjo wa goti pedeli ikiwa chini kabisa: kutoka nyuzi 43 umeshuka hadi 34. Mimi hutafuta kati ya 25 na 35.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Bomba la kiti limelala, kwa kawaida kwa nyuzi zipatazo 73, kwa hiyo ukipandisha kiti sentimita 2 umekirudisha nyuma pia milimita 6 hivi. Nimekisogeza mbele kiasi hicho, kisha nikaangusha timazi kutoka chini kidogo ya pia ya goti, pedeli ikiwa mbele na mikono ya pedeli imelala sawa, ili nione kama uzi unapita karibu na ekseli ya pedeli. Timazi si sheria ya mwili. Naitumia kama pa kuanzia tu. Mwisho nikaweka pima maji juu ya kiti, na pua yake ilikuwa imeinama mno. Mwalimu alikuwa akiteleza mbele siku nzima na kujizuia kwa viganja, akiikandamiza neva inayopita upande wa kidole kidogo. Nimekisawazisha.

Alipotaka tubadilishe na shingo ya usukani, kile chuma kinachoushikilia usukani kwenye fremu, palepale, nilikataa, nikamtuma akazunguke kwanza. Tukibadilisha mambo mengi kwa pamoja hatutajua lipi limemponya. Wapo wanaoona uangalifu wa milimita kuwa ni deko, lakini Eddy Merckx, bingwa wa mbio za baiskeli kutoka Ubelgiji, baada ya ajali ya Blois, Ufaransa, ya mwaka 1969 iliyomwachia fupanyonga lililopinda, alikuwa akirekebisha kimo cha kiti chake hata katikati ya mashindano.

Adhuhuri naswali, nakula, najinyoosha mgongo.

Saa nane anakuja binti wa miaka ishirini hivi, mwenye kimo cha sentimita 158, na baiskeli ya saizi 54 anayotaka kuinunua, ambayo fremu yake ni ndefu mno kwake. "Mjomba, si tutashusha kiti tu?" Nimempima mabega kutoka ncha ya mfupa hadi ncha nikapata sentimita 37, na usukani ule una 42, mikono ya pedeli ni ya milimita 172.5, na kwa miguu yake ningependelea 165. Usukani na mikono ya pedeli hubadilishwa. Bomba la juu la fremu halifupishwi, na shingo fupi mno huufanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi mkononi. "Mwanangu, usiinunue," nimemwambia. Aliondoka amenuna, na nilisikitika kwa ajili yake, maana alikuwa ameipenda kweli.

Saa kumi na nusu mwalimu amerudi ametota jasho. Magoti hayakumsumbua darajani. Ganzi imepungua lakini haijaisha, na viwiko vyake bado vimenyooka kama miti. Sasa shingo imepata zamu yake: nimetoa ya milimita 120 nikaweka ya 100, nikakaza boluti kwa nyutonimita 5 kama ilivyoandikwa juu yake, na viwiko vikakunjika vyenyewe. Upepo wa magurudumu nimeupunguza kutoka paundi 110 hadi 85, kwa sababu mtetemo nao huchosha mikono.

Ile sentimita moja iliyobaki tutaipandisha kidogo kidogo, milimita 3 kila wiki, ikiwa goti litaridhia. Nimeandika tarehe na vipimo vipya chini ya vile vya zamani, na utepe nimeuacha palepale kwenye nguzo.