Siku moja ya kazi kwenye kliniki ya masikio Moshi: mlio, usingizi na hofu

Watu wawili wanaweza kufika kliniki asubuhi moja wakiwa na mlio masikioni wa kiwango kilekile kwenye mashine. Mmoja anaendelea kukaanga chipsi zake Soweto, mwingine ameacha kazi, halali, na nguo zimeanza kumpwaya. Tofauti yao mara nyingi haimo sikioni. Hii ni ratiba ya siku ya kawaida ya kazi yetu, saa kwa saa, na sababu ya kila tunachokifanya.

Saa 1:30 asubuhi

Tunaanza na audiometa, mashine ya kupima usikivu. Mwenzetu mwenye masikio mazima anavaa hedifoni, tunapitisha sauti ya hezi 1,000 (hezi hupima wembamba au uzito wa sauti) kulia kisha kushoto huku tukiuchezesha waya karibu na plagi. Waya uliochoka hukwaruza, na mgonjwa mwenye mlio atabonyeza kitufe kwa kila anachosikia kwa sababu hajui kipi cha mashine na kipi chake.

Vipimo tunavipanga mapema, kabla bodaboda hazijachanganya barabarani. Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, tunasimamisha. Mngurumo wake hufunika sauti nzito za hezi 250 na 500, karatasi ikaonyesha usikivu umepungua mahali ambapo uko sawa, na mtu aliyekuja na hofu moja akaondoka na mbili.

Kwenye benchi la kusubiri tunaacha redio kwa sauti ndogo. Ukumbi ukiwa kimya, mwenye mlio anakaa saa nzima akiusikiliza, anaingia ndani akiwa amechoka tayari.

Saa 2:00

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hili sikio linanipigia mluzi usiku kucha. Nyumbani wanasema nimeanza kuchanganyikiwa."

Kauli ya namna hii huja mara nyingi, na wakati mwingine badala ya kuchanganyikiwa inatajwa kurogwa au mapepo. Swali la kutenganisha ni fupi: unasikia sauti tupu, au unasikia maneno? Mluzi, mvumo, nyenje, mvuke unaotoka kwenye sufuria: huo ni mlio wa masikio, na mwenye nao hajachanganyikiwa. Sauti inayomtaja jina, kumtukana au kumwamuru ni jambo jingine, na huyo tunampeleka kliniki ya afya ya akili siku hiyohiyo, kwa heshima na pamoja na ndugu aliyemleta.

Kisha tunatazama sikio, hata kama maelezo yote yanaelekea kwenye mawazo. Nta iliyoziba peke yake inaweza kuleta mlio. Ikiwa ngumu, matone ya kulainisha siku 3 hadi 5, ndipo kuosha kwa maji ya nyuzi 37 hivi. Maji ya baridi, au ya moto kupita mwili, humpa mtu kizunguzungu cha ghafla, na mwenye wasiwasi hatarudi tena. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu, hatuoshi. Vijiti vya pamba tunawaomba waviache dukani.

Yapo pia yasiyosubiri foleni. Usikivu uliopotea ghafla, ndani ya saa au siku 3, ni dharura, kwa kuwa dawa za jamii ya steroidi husaidia zaidi zikianza mapema, katika wiki 2 za mwanzo. Mlio unaodunda sawasawa na mapigo ya moyo, mlio wa upande mmoja tu, mlio unaoandamana na uso kulegea: hao wanakwenda kwa daktari bingwa kabla mtu yeyote hajawazungumzia kuhusu msongo wa mawazo. Kumwambia mtu "ni mawazo tu" kabla ya kumkagua ni uzembe.

Saa 3:00

Chumba cha kimya. Tunapima kutoka hezi 250 hadi 8,000, sikio moja baada ya jingine. Kwa mafundi wa kuchomelea na wanaoshika gurinda, kwa wenye mashine za kusaga na wapiga muziki, mstari wa usikivu kwenye karatasi mara nyingi huzama karibu na hezi 4,000. Kwa kelele ya desibeli 85 mtu anavumilia kazi ya saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, hivyo kwenye 100 zinabaki dakika 15. Sehemu hii haituchukui muda.

Kinachofuata ndicho cha kukaa nacho. Tunatafuta sauti ya mashine inayofanana na mlio: tunampa sauti mbili, anachagua iliyo karibu, tunampa nyingine mbili, mpaka tunafika. Kisha tunapandisha nguvu kwa desibeli 1 kila hatua kutoka pale anapoanza kuisikia, hadi aseme "hapo". Mtu aliyeeleza kelele ya ndege ikiruka kiwanja cha KIA mara nyingi husema "hapo" kwenye desibeli 5 hadi 10 tu juu ya kiwango chake cha kusikia.

Namba hiyo itumike kwa uangalifu. Ukimwonyesha ukisema "unaona, ni ndogo," anasikia kwamba anaitwa mwongo. Tunamweleza kwamba namba inapima sauti, haipimi mateso, na kwamba viwili hivyo havifuatani kwa karibu. Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye usikivu wa kawaida kwenye chumba kisichopitisha sauti, na 94% walisikia kitu ndani ya vichwa vyao baada ya dakika chache. Wengi walitoka wakaenda zao.

Saa 4:30

Madodoso. Tunayasoma kwa sauti, maana karatasi ikiachwa mkononi mwa mtu asiye na miwani anajaza kila mstari "ndiyo".

La kwanza lina maswali 25 kuhusu mlio unavyoingilia maisha: "ndiyo" ni alama 4, "wakati mwingine" 2, "hapana" 0. Hadi 16 ni usumbufu mdogo sana, 18 hadi 36 mdogo, 38 hadi 56 wa kati, 58 hadi 76 mkali, na 78 kwenda juu ni mtu ambaye maisha yamesimama. La pili ni PHQ-9 la sonona, jumla 27, na kuanzia 10 tunakaa chini tuzungumze. La tatu ni GAD-7 la wasiwasi, jumla 21.

Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kuhusu kutamani kufa au kujidhuru. Haliharakishwi. Likijibiwa chochote zaidi ya "hapana", ratiba ya siku inavunjwa: tunauliza waziwazi kama ana mpango, kama ana dawa za shambani au vidonge vingi nyumbani, nani anaishi naye, na haondoki peke yake. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, ingawa ndugu wengi huogopa hivyo.

Wasiwasi na sonona vinauharibu mlio kwa njia mbili tofauti, na kliniki nyingi huzichanganya. Mwenye wasiwasi anaukagua mlio. Akiamka tu, kabla ya kutia mguu chini, anasikiliza: upo? umepanda? Anaziba masikio kwa vidole kuupima, anakimbia harusi na ibada zenye spika, saa 8 usiku yuko kwenye simu akitafuta dawa. Kila ukaguzi unauambia ubongo kwamba jambo hili ni la hatari, liendelee kufuatiliwa. Mwenye sonona hana hata nguvu ya kukagua. Ameacha kwenda Mbuyuni sokoni, ameacha kwaya, hataki wageni. Nyumba imekuwa kimya, na ndani ya ukimya huo mlio ndiyo sauti pekee iliyobaki. Wa kwanza anahitaji kuacha kusikiliza. Wa pili anahitaji kurudishiwa sauti za watu na kazi. Ukiwapa dawa moja, mmoja atakwama.

Saa 6:00 mchana

Maelezo, kwa mchoro wa kalamu. Ndani ya koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, kuna seli zenye vinyweleo. Zikifa kwa kelele, uzee au dawa, kwa binadamu hazioti tena. Ubongo ukipungukiwa na taarifa kutoka hapo, unaongeza nguvu ya upokeaji wake, na katika kuongeza huko unasikia shughuli zake wenyewe. Hiyo ndiyo sauti. Kisha sehemu inayoshughulika na hatari, amigdala, inaamua kama sauti hiyo ni ya kuogopwa. Ikisema ndiyo, moyo unakwenda mbio, misuli ya shingo na taya inakaza, usingizi unakatika, na akili iliyokesha inausikia mlio zaidi. Mtafiti Jastreboff aliuandika mzunguko huu mwaka 1990, na bado ndio tunaouchora.

Mtu aliyekulia karibu na mfongo, mfereji wa maji, huko Marangu anauelewa haraka. Mgeni hukesha kwa sababu ya maji yale. Mwenyeji huyasikia siku yanapokatika. Masikio ni yaleyale.

Saa 7:00

Chakula, na maswali ya dawa hayaishi hata hapo. Kwinini huleta mlio ambao kwa kawaida hupungua dawa ikiisha. Aspirini ya dozi kubwa pia. Gentamisini, amikasini na kanamisini zinaweza kuharibu sikio moja kwa moja, ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayechomwa sindano za aina hiyo hupimwa usikivu mara kwa mara. Hakuna anayeacha dawa kwa ushauri wa benchini; anarudi kwa aliyemwandikia. Vidonge vya ginko (vya mmea) na vya zinki vinavyouzwa kwa ajili ya mlio tunavikataa: mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2014 unashauri visipendekezwe.

Saa 8:00 mchana

Tiba ya mazungumzo, inayoshika fikra na tabia. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2020 yaliona inapunguza athari za mlio maishani. Kuunyamazisha hatuahidi.

Daftari la shule, safu tatu: kilichotokea, nilichojiambia, nilichofanya. Mfano: "umeme ulikatika saa 3 usiku, nikasema leo silali, kesho nitafukuzwa kazi, nikakaa sebuleni hadi alfajiri." Tunaifanyia kazi safu ya kati. Ulishawahi kwenda kazini bila kulala? Nini kilitokea? Jibu lake mwenyewe ndilo linaloandikwa, letu halina nguvu. Kosa kubwa hapa ni kumpa safu ya nne ya kupima ukali wa mlio kila saa. Huko ni kumfundisha kukagua.

Kisha pumzi: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa 6, dakika 5, mara mbili kwa siku, kwanza nyakati za utulivu. Anayesubiri hadi mlio upande ndipo ajaribu atasema haifanyi kazi, na kwake ni kweli.

Sauti ya kusindikiza huwekwa chini kidogo ya mlio, vyote viwili visikike. Ukiufunika kabisa, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea, na ukizima unarudi kwa kishindo. Feni, redio, mvua iliyorekodiwa kwenye simu, vyote sawa. Simu ikae mezani, hedifoni zisitumike. Wenye sonona tunawapangia shughuli mbili kwa siku zenye saa maalumu, ndogo kiasi cha kutokataliwa: kumwagilia migomba saa 12 jioni, kwenda dukani kwa miguu.

Saa 9:30 alasiri

Vifaa vya kusaidia kusikia, kwa waliopungukiwa usikivu. Sauti za nje zikirudi, mlio hupata ushindani, na mtu anaacha kukaza shingo kusikiliza watu, jambo linalomchosha kuliko anavyojua. Betri ndogo za zinki hufanya kazi kwa hewa: unabandua kistika, unaiacha dakika 1 au 2 mezani ndipo unaiingiza. Wengi huiingiza papo hapo, ikawa dhaifu, wakasema kifaa kibovu. Kistika kikishabanduliwa betri inaendelea kuisha hata ukikirudisha.

Saa 10:30 jioni

Simu za ufuatiliaji, na karibu zote ni za usingizi. Kuamka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Kahawa na chai ya rangi zikome baada ya saa 8 mchana. Zikipita kama dakika 20 bila usingizi, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, rudi unaposinzia. Pombe hulaza haraka na kuamsha saa 9 usiku, na saa hiyo nyumba iko kimya kuliko zote. Kwa kuwa umeme hukatika, kiredio cha betri kikae karibu na kitanda tayari.

Kwa wale walioanzishwa fluoksetini au amitriptilini tunarudia mambo manne: ni za sonona au wasiwasi, haziuzimi mlio, nafuu huchukua wiki 2 hadi 6, zisikatwe ghafla. Anayesema mlio umepanda baada ya kuanza dawa anaripotiwa kwa daktari wake, habezwi.

Tukipata ndugu kwenye simu tunampa kazi moja, naye huiona ngumu: asimuulize mgonjwa "leo masikio yanasemaje?" Amuulize habari za kuku.

Saa 11:30

Kujaza kadi. Marudio ni wiki 6, na dodoso la maswali 25 linajazwa upya bila mgonjwa kuonyeshwa majibu ya mwanzo. Kushuka kwa alama 2 au 4 hatukushangilii. Tafiti zinataka kama 7, na Newman na wenzake waliolitunga walitaka 20 kwa mgonjwa mmoja. Dodoso likigoma kushuka ilhali PHQ-9 imeshuka vizuri, tunarudi kwenye audiogramu, ile karatasi ya vipimo vya usikivu, kutazama kama kuna usikivu uliopungua ambao haujapatiwa kifaa. Likigoma na PHQ-9 nayo iko juu, kadi inahamishiwa dawati la afya ya akili, na tarehe ya kliniki ya masikio inabaki palepale kwenye kadi ili mtu asidhani amefukuzwa.