Swali la kuhara lililonirudisha mezani

Dodoso langu la shahada ya uzamili lilikuwa na swali moja nililoliamini kuliko mengine yote: "Katika wiki mbili zilizopita, mtoto wako ameugua kuhara?" Ni swali la kawaida katika tafiti za afya ya watoto. Zimewekwa wiki mbili kwa sababu mama ukimuuliza ya miezi mitatu nyuma, mengi yameshamtoka kichwani. Nililitafsiri kutoka Kiingereza, mwenzangu akalirudisha kwenye Kiingereza bila kuona la awali, yakalingana. Kibali cha maadili nilikipata, barua za wilaya na kata nikazipata, na mwenyekiti wa mtaa akanikabidhi kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anitembeze.

Chuo ni Muhimbili, pale Upanga, Dar es Salaam. Eneo la utafiti, Vingunguti, jijini humohumo.

Siku ya kulijaribu dodoso tulipiga hodi nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Kila mama alijibu hapana. Kwenye nyumba moja mama alijibu hapana huku amempakata mtoto aliyelegea, midomo imemkauka, macho yameingia ndani. Bibi yake alikuwa mkekani anachambua mchele. Aliona ninavyomtazama mtoto.

"Mwanangu, huyo haumwi," akaniambia. "Anaota meno."

Tuliacha mahojiano. Mhudumu aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto, ikachelewa kurudi, dalili ya kuishiwa maji mwilini. Akakoroga pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa, mama akaanza kumnywesha kwa kijiko, kisha tukaongozana nao hadi zahanati. Wakati tunarudi mhudumu alisema neno ambalo nililiandika palepale: "Daktari, hapa ukiuliza ugonjwa utajibiwa ugonjwa. Kuharisha kwa meno watu hawakuhesabu kuwa ugonjwa."

Jioni nilikuwa kwenye vimbweta na wenzangu wa darasa. Darasa la afya ya jamii lina watu wa kila namna, na mimi naona huo ndio utajiri wake mkubwa: muuguzi, afisa afya, mtu wa maabara, mwanasosholojia. Muuguzi hakushangaa hata kidogo, alishawasikia akina mama wakisema hivyo kliniki kwa miaka. Afisa afya akaeleza kinachotokea. Meno huanza kuchomoza karibu na miezi sita. Umri huohuo mtoto anaanzishwa uji, anaanza kutambaa, na kila anachookota kinaingia mdomoni. Kwa hiyo mama haoni vibaya, meno na kuharisha kweli vinakuja pamoja. Ila kinacholeta kuharisha ni vijidudu vya kwenye mikono, maji na chakula. Hatari iko hapo: kinachoitwa cha meno huachwa kipite chenyewe, na mtoto anaishiwa maji mwilini.

Nilimpelekea msimamizi wangu habari hiyo kwa hofu, maana kubadili dodoso ni kurudi kwenye kamati ya maadili na kusubiri upya. Akaniambia, "Ukiliacha hivyo, utaleta takwimu nadhifu ambazo si za kweli." Nilisubiri wiki kadhaa, na pesa ya nauli ikapungua. Ningeulizwa leo ningesubiri tena.

Neno "kuugua" nililiondoa. Badala yake tuliuliza: tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi mtoto amepata choo mara ngapi? Kilikuwa kigumu, laini au cha majimaji? Cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya siku moja tulikihesabu kuwa kuhara, kama Shirika la Afya Duniani linavyokihesabu. Kisha tukarudi siku moja moja nyuma kwa kufuata matukio ambayo mama anayakumbuka: siku ya gulio, siku ya msiba wa jirani, Ijumaa. Swali la meno tuliliweka peke yake, mwishoni. Majibu yalibadilika kuanzia nyumba ya kwanza. Na swali la "mnatibu maji ya kunywa?" nalo tulilibadili. Tuliomba kikombe cha maji anayokunywa mtoto, tukatia kidonge cha kupimia klorini, tukatazama pamoja na mama kama yanageuka kuwa ya waridi, ishara kwamba yametiwa klorini, dawa ya kutibu maji.

Kazi ilipokwisha nilirudi kutoa mrejesho kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Sikubeba chati. Nilibeba ndoo ya maji safi, chupa ya lita moja, pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Akina mama walikoroga wenyewe, wakaonja, tukazungumzia kwa nini zinki inatolewa siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

Yule bibi alikuja, mjukuu kamshika kidole, anatembea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Na magego yakianza kutoka je?"

Nikamwambia, "Hivyo hivyo, bibi. Akiharisha, mkorogee, kisha mlete zahanati." Akaomba pakiti mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga.