Jani la jiwe kwenye barabara ya Lituhi

Nauli ya Songea hadi Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, nililipishwa kama mtu anayekwenda mbali zaidi, na konda alipoliona begi langu akaongeza ya mzigo juu yake. Siti ilikuwa na chuma kinachochoma mgongo. Dirisha halikufunga, na mvua ya Februari ilikuwa haijui kukata. Wakati ule barabara ya kutoka Kitai ilikuwa bado ya udongo, na tulipoipita Amani Makoro gari likaanza kuserereka kwenye tope.

Kabla ya Ruanda tukasimama. Lori la makaa ya mawe lililokuwa likitoka mgodi wa Ngaka lilizama magurudumu ya nyuma, likaziba barabara yote. Konda alisema nusu saa. Tulikaa pale mpaka jua likaelekea kuchwa, na abiria walioomba warudishiwe nauli wachukue pikipiki waliambiwa hela ikishaingia haitoki. Jambo hili liliniudhi sana, kwa sababu vijana wa bodaboda walikuwa wameshafika na bei yao ilikuwa imepanda maradufu.

Nikashuka kunyoosha miguu. Upande wa kulia katapila lilikuwa limechonga kilima, na ukuta uliobaki ulikuwa wa mwamba wa kijivu, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake mstari mweusi wa makaa. Babu mmoja aliyeshuka kwenye gari letu alikuwa ameketi hapo chini akipanga mawe membamba pembeni yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone."

Akanipa kipande. Ndani ya jiwe mlikuwa na jani, refu kama la mwembe, uti wa kati umenyooka kutoka kikonyo hadi ncha, na vijimshipa vinatoka kwenye uti huo na kuungana kama nyavu. Nilihisi mwili unasisimka. Nilikuwa nimesoma habari za jani hili kwa miaka, na katika fikra zangu lilikuwa kitu cha makumbusho ya mbali.

"Tulikuwa tunayaokota tukichunga mbuzi," babu akasema. "Mti wake hatukuuona. Tumeutafuta mpaka mtoni, haupo."

Haupo kweli. Ni Glossopteris, jina ulilopewa na mtaalamu wa mimea Mfaransa, Adolphe Brongniart, mwaka 1828. Ulikuwa mti wa mbegu usiotoa maua, uliotawala nchi za kusini katika kipindi cha Permi, ukatoweka takriban miaka milioni 252 iliyopita, katika maangamizi yaliyofuta sehemu kubwa ya viumbe duniani. Ulipenda kinamasi, na mizizi yake ilikuwa na vyumba vya hewa ndani ili isizame na kuoza. Majani yake yalipukutika kwa wingi, yakarundikana majini pamoja na magogo, yakafunikwa, yakashindiliwa. Ndiyo makaa ya mawe ya bonde lote hili la Ruhuhu.

Nilimweleza babu hivyo, na utingo wa lori akaja kusikiliza, matope hadi magotini.

"Kwa hiyo bro, sisi tumebeba msitu?"

"Mmebeba msitu."

Akageuka kulitazama lori lake. Akaniuliza kama msitu huo ulikuwa na watu. Nikamwambia hapana, hata ndege hawakuwapo. Babu akasema basi kulikuwa kimya sana, tukacheka, kisha akauliza swali lililonifanya nikae chini kabisa: jani hili lipo wapi kwingine?

Lipo India, Australia, Afrika Kusini, Brazili. Lipo hata Antaktika. Mvumbuzi Mwingereza Robert Falcon Scott na wenzake, wakirudi kutoka Ncha ya Kusini mwaka 1912, waliokota mawe kando ya barafu ya Beardmore, kama kilo 16, wakayakokota huku wakidhoofika kwa njaa na baridi. Walikufa njiani. Miili yao ilipopatikana Novemba mwaka huo, mawe yalikuwepo, na ndani yake majani ya Glossopteris. Mbegu za mti huu ni nzito mno kuvuka bahari kwa upepo, kwa hiyo nchi zote hizo zilikuwa bara moja, Gondwana, na mahali tulipokwama tope pale Mbinga palikuwa sehemu yake.

Nikawaza nyumbani Dar es Salaam. Mama siku hizi anapikia mkaa mbadala unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, na hakuna mtu kwetu aliyewahi kujiuliza ulikuwa nini kabla ya kuwa mkaa. Tunamlilia mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, aliyeko Berlin, na tuna haki ya kulia. Lakini hapa pana utajiri wa umri mkubwa zaidi, haujaenda popote, na hakuna hata kibao cha mbao kinachomwambia mtoto wa shule ya Ruanda asimame atazame. Linaniuma hili kuliko ile nauli.

Babu alitaka niondoke na lile jiwe. Nilikataa kwa heshima, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda hata visukuku vya mimea, yaani mabaki yake yaliyogeuka jiwe. Akalirudisha ukutani, mahali pakavu.

Lori lilinasuliwa magharibi kwa trekta la kukodi, na sisi abiria tukachangishwa hela ya dizeli. Lituhi tulifika usiku, nyumba ya wageni ghali na haina maji, ziwa nililiona asubuhi. Ukipita njia hiyo nenda kiangazi, kaa dirisha la kulia ukitokea Kitai, na ukiuona mstari mweusi kwenye ukuta mwombe dereva asimame. Tazama, piga picha, acha mawe yalipo.