Hata Mafarao wamevuka barabara ya Cairo

Leo nimesimama kando ya barabara karibu na uwanja wa Tahrir dakika kumi nzima, nikitafuta upenyo. Magari hayakatiki, honi juu ya honi. Kijana wa baiskeli akapenya katikati yao na chaga la mikate kichwani, mkono mmoja tu kwenye usukani!

Nilikuwa nimetoka makumbusho pale pale. Sanamu nyingi za wafalme zimesimama mguu wa kushoto mbele. Kwenye michoro uso umegeuzwa upande, mabega yanakutazama wewe. Nikacheka peke yangu: jamani, hawa walikuwa wanavuka! Mguu ushaingia barabarani, jicho liko kwa gari linalokuja.

Na kweli walivuka. Tarehe 3 Aprili 2021 maiti 22 za kifalme, wafalme 18 na malkia 4, Ramses wa Pili akiwemo, walitolewa Tahrir kwenda makumbusho mapya ya Fustat. Walibebwa na magari yaliyopambwa kwa dhahabu, barabara zikafungwa, mizinga 21 ikapigwa. Miaka elfu tatu na ushee umelala, ukija kuvuka Cairo unasafishiwa njia!

Mimi nilisafishiwa na mama mmoja mtu mzima. Kanishika kiwiko, "Yalla, ya ibni," yaani twende mwanangu, tukaingia. Hakukimbia hata hatua moja. Alinyoosha kiganja tu, magari yakatuzunguka kama maji na jiwe.

Kesho nina kipindi ng'ambo ile ile. Nimeshamuuliza mama hupita saa ngapi.