Ubatizo, buna qalaa na zamu ya kisima

Nawaza tena kuhusu wafugaji wa Kiborana wanaompokea Kristo, kuanzia Yabelo na Dirre upande wa Ethiopia hadi Moyale na Marsabit. Habari ya Mungu mmoja haiwapi shida. Waaqa waliyemwomba mvua tangu zamani ndiye wanayemkuta katika Biblia yao. Wanakokwama ni kwenye kahawa, kisima na ukoo.

Buna qalaa si kahawa ya unga. Mama wa nyumba huchukua buni nzima zilizokauka na maganda yake, akazing'ata ncha ili mafuta yapenye, kisha akazikaanga kwa samli mpaka zipasuke. Mzee hubariki, waliokaa huitikia, buni hutafunwa, samli hupakwa mwilini. Kimila hilo huhesabiwa kama kuchinja, na ndiyo maana baadhi ya wachungaji (wa watu, si wa ng'ombe) huipiga marufuku yote. Kwangu hilo ni kosa. Aliyekataa kahawa huonekana amekataa amani ya majirani, na mkewe hana tena cha kumkaribishia mgeni. Heri kuuliza dua inaelekezwa kwa nani. Ikiwa ni kumwomba Mungu amani, mvua na uzima wa mifugo, mzee Mkristo anaweza kuiomba kwa jina la Yesu, buni zile zile mkononi. Ikiwa kahawa imepikwa kutuliza ayyaana, pepo anayesemekana kumshika mtu, hapo aliyebatizwa akae kando, na jamaa zake waelezwe sababu mapema, si siku yenyewe.

Kisima nacho hakijui Jumapili. Kwenye visima virefu vya tula, kiangazi kikikaza, ng'ombe hunywa leo, hukaa siku mbili bila maji, hurudi siku inayofuata. Piga hesabu: kila Jumapili ya tatu mtu yuko kisimani. Zamu hupangwa na abba herregaa, na maji hupandishwa kwa watu waliojipanga ngazi kwa ngazi wakipokezana ndoo huku wakiimba. Akikosekana mmoja, mlolongo unakatika na mifugo ya wenzake inachelewa. Ibada ihamie karibu na kisima, baada ya kunywesha. Anayeacha zamu ili asali amewaudhi watu bila faida yoyote.

Kuhusu ukoo, ukame wa 2020 hadi 2023 uliwafilisi wengi, na njia yao ya zamani ya kuinuana ni busa gonofa: ukoo hukutana na kumchangia mifugo aliyepoteza. Mwongofu asijitoe humo, na kanisa lisijaribu kuwa mbadala wake kwa magunia ya mahindi. Chakula cha msaada hakikosi kuleta majina kwenye orodha ya ubatizo, na majina hayo huondoka lori likiacha kuja.

Mafundisho ya kila wiki kwa miezi mfululizo huwashinda vijana, kwa kuwa wao ndio wako fora, mbali na boma, na ng'ombe wasiokamuliwa. Kundi la warra, lenye maziwa, hubaki na wazee, akina mama na watoto. Basi mafundisho mazito yawekwe wakati wa ganna, mvua za Machi hadi Mei, nyasi zikiwa karibu na vijana wakiweza kurudi. Miezi mingine wapewe Maandiko ya sauti kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, kwa Kiborana, pamoja na chaja ya sola.