Mungu yupi unayemkana?

Barazani Mikindani, kahawa ikishamiminwa, mtu akisema "hakuna Mungu" wote humrukia. Subiri kwanza. Muulize anamkana yupi, na jibu lake lishikeni hadi mwisho.

Mwislamu atakupa Suratul Ikhlas, aya 4 tu: Mmoja, Mkusudiwa, hakuzaa wala hakuzaliwa, hana wa kufanana naye. Mkristo wa Ndanda au Masasi atataja Mungu mmoja katika nafsi tatu, kama ilivyokiriwa kwenye mikutano mikuu ya Kanisa, ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli 381. Basi anayebomoa Utatu hajamgusa Mwislamu, maana huyo naye anaukataa. Ubuddha ndio huwachanganya wengi: hauna Mungu muumba, lakini ni dini.

Hoja ya mabaya duniani ("mbona watoto wanakufa?") inambana Mungu mwenye uwezo wote na wema wote kwa pamoja. Punguza sifa moja, hoja inalegea.

Mjadala huharibika pale mtetezi anapobanwa akageuza maneno: "Mungu ni upendo tu", au "ni maumbile yenyewe". Hapo mkanaji hana cha kukana, kwani nani anakataa kuwa upendo upo? Kahawa ikipoa, kesho mtetezi yuleyule anarudi kwa Mungu anayeleta mvua ya korosho.